Mgonjwa Hana Kesi ya Kujibu



Mmezoea kutusikia tukisema juu ya wizi wa mifugo, mapigano ya koo, ugomvi wa ardhi na ukeketaji wa mabinti zetu. Safari hii tunasema juu ya dhuluma isiyotumia mshale wala panga. Inatendeka ndani ya nyumba zetu wenyewe, na watendaji wake ni sisi. Ni dhuluma ya kumhukumu mtu kwa sababu anaumwa. Ugonjwa tunaousema unaitwa sonona, neno lenye ukoo mmoja na kusononeka. Tumeuita kwa majina mengine mengi: uvivu, kiburi, laana, mapepo, imani haba. Katika majina hayo yote hakuna hata moja linaloweza kumpeleka mtu hospitalini.

1. Kesi inayosikilizwa kila siku

Tuchukue mfano ambao kila mmoja wetu ataujua, kwa maana umepita karibu na mlango wake. Mama kijana amejifungua mtoto wa tatu. Wiki zinapita, naye haendi shamba. Jembe limelala pale alipoliacha. Mtoto akilia anamtazama kama mtoto wa jirani. Usiku hapati usingizi, mchana hawezi kuinuka. Chakula kimekuwa kama majivu kinywani. Anasema kichwa kinawaka moto na moyo unakwenda mbio.

Kesi inaanza. Mama mkwe anasema ni mvivu. Mume anakumbuka ng'ombe aliowatoa kwa mahari na kuuliza kama alinunua mgonjwa. Zahanati inampa dawa ya malaria, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mganga wa kienyeji anasema ametupiwa kitu, na anataja mbuzi. Sisi wanajumuiya tunafika mwisho, tena na Biblia mkononi, tunamwambia asali zaidi. Katika watu wote hao hakuna aliyekaa chini akamwuliza, “Mwenzetu, unajisikiaje moyoni, na tangu lini?”

Au tumtazame baba wa familia aliyeamka akakuta zizi tupu. Ng'ombe wote wamechukuliwa usiku. Mwanzoni alihuzunika kama mtu yeyote. Lakini miezi imepita, majirani wamemchangia mitamba miwili, na bado hainuki. Anakwepa watu. Anakunywa gongo tangu asubuhi. Anawapigia watoto kelele, kisha anakaa peke yake nyuma ya nyumba hadi giza liingie. Sisi tunasema, “Amekuwa mlevi.” Hatuulizi kama ulevi huo ndio ugonjwa wenyewe au ni mtu anayejaribu kujitibu ugonjwa mwingine.

2. Sonona ni kitu gani

Kila binadamu huhuzunika. Anayefiwa na asilie tunamshangaa. Huzuni ya kawaida huja na kupungua. Mtu anayehuzunika hucheka kidogo akiona wajukuu, na baada ya muda hurudi shambani. Sonona haifuati njia hiyo. Wataalamu wa tiba wanatufundisha tuitazame pale ambapo, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, mtu ana moyo mzito au amepoteza hamu ya mambo yote aliyoyapenda, naye pamoja na hayo ana dalili nyingine: usingizi umeharibika, hamu ya kula imetoweka au imezidi, mwili umechoka bila kazi, akili haishiki jambo, anajilaumu kwa makosa ambayo si yake, anaona hakuna kesho, au anafikiria kifo.

Kwetu ugonjwa huu mara nyingi huvaa nguo za magonjwa ya mwili. Mtu haji zahanati akisema ana huzuni. Huja akilalamika kichwa, mgongo, tumbo au moyo. Ndiyo maana huondoka na vidonge vya malaria.

Chanzo chake si kimoja. Kuna familia ambazo ugonjwa huu hupita kutoka kizazi hadi kizazi, kama inavyokuwa kwa kisukari au shinikizo la damu. Kuna mabadiliko ya mwili, hasa kwa mama baada ya kujifungua. Kuna maradhi ya muda mrefu, ukiwamo UKIMWI. Kuna msiba, kipigo, fedheha na hasara. Ubongo ni kiungo cha mwili kama ini na figo, nao huugua. Asiyemlaumu mgonjwa wa figo kwa figo zake, amlaumu huyu kwa haki gani?

Wapo wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu na ya matajiri wasio na kazi. Hayo si kweli. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu zaidi ya milioni 280 duniani wana sonona, na kwamba katika nchi maskini na za kipato cha kati zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu yoyote. Jirani zetu Washona wa Zimbabwe wana neno la kale, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Watu hawatungi neno kwa ajili ya kitu wasichokuwa nacho.

3. Mahakama tatu zinazomhukumu mgonjwa

Ya kwanza ni mahakama ya ukoo. Katika nchi ya Wakurya tunaliheshimu ritongo, baraza ambamo wazee na jamaa hukaa kusuluhisha mashauri. Tunauheshimu pia ushujaa. Kijana wetu hufundishwa jandoni asitikise hata kope mbele ya kisu. Hatuyadharau mafundisho ya uvumilivu. Lakini tunasema wazi kwamba uvumilivu wa kisu wa dakika moja si dawa ya ugonjwa wa miezi. Kijana aliyefundishwa kwamba mwanamume halii, akiugua sonona atakuwa na njia mbili tu, chupa na ukimya, na zote mbili zinaua. Na mzee anayesema ugonjwa huu ni laana ya ukoo asome tena Injili ya Yohana sura ya 9. Wanafunzi walimwuliza Bwana kama aliyezaliwa kipofu alitenda dhambi yeye au wazazi wake. Bwana aliyakataa yote mawili, kisha akamponya. Hakuitisha baraza la kutafuta mkosaji.

Ya pili ni mahakama yetu wenyewe, ya Kanisa. Hapa tunaungama kwanza. Tumewaambia wagonjwa kwamba wangekuwa na imani wasingehuzunika. Tumesikia wahubiri wakiwaamuru watu watupe dawa ili waonyeshe kuwa wanamtegemea Mungu, nasi tumenyamaza. Je, tumesahau nabii Eliya? Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, mtu huyu aliyeshusha moto mlimani aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa imani haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akampa tena chakula. Ndipo safari ikaendelea. Yeremia aliilaani siku aliyozaliwa. Ayubu alifanya vivyo hivyo. Zaburi ya 88 inaanza katika taabu na kumalizika gizani, na Kanisa limeiweka katika sala zake ili asiwepo mtu gizani anayedhani kwamba kilio chake hakifai kuwa sala. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na dawa, kwa sababu vyote viwili vimetoka kwa Mungu. Anayemwambia mgonjwa achague kati ya sala na dawa anatenganisha vitu ambavyo Maandiko yameviweka pamoja.

Kuna familia pia ambazo hadi leo zinaogopa kumleta marehemu wao kanisani ikiwa amejiua. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa wale waliojiua kwa kusudi. Sheria mpya ya mwaka 1983 haina tena katazo hilo. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 inafundisha kwamba kujiua ni kinyume cha upendo wa Mungu na wa jirani, lakini inafundisha pia kwamba maradhi mazito ya nafsi, uchungu na hofu kubwa vinaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, bali Kanisa limwombee. Kwa hiyo kiongozi wa jumuiya anayewazuia wanajumuiya wasiende kwenye msiba wa namna hiyo hatetei mafundisho ya Kanisa. Anatetea katazo ambalo Kanisa lenyewe liliondoa zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Ya tatu ni mahakama ya dola. Katika nchi yetu kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kosa hilo liliingia kwa Kanuni ya Adhabu iliyoletwa na Waingereza mwaka 1930. Mwaka 1961 Bunge la Uingereza lilifuta kosa hilo nchini mwao. Ni mwaka uleule ambao Tanganyika ilipata uhuru. Waliotuletea sheria hiyo waliiacha, nasi tukaishika. Ghana iliifuta ya kwake mwaka 2023. Nchini Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba.

Tunajua hoja ya wanaoitetea: sheria hii inalinda uhai kwa kuwatisha watu. Sisi tunauliza, mtu asiyeogopa kifo atatishwaje na mahabusu? Anayetishika ni ndugu yake. Mama anaogopa kumfikisha mwanawe hospitalini, kwa sababu anaona mbele yake fomu ya polisi na maswali ya askari. Basi anamficha ndani, na katika ficho hilo mgonjwa hufa. Sheria iliyowekwa kulinda uhai ikiwa inamzuia mgonjwa asifike kwa tabibu, sheria hiyo imejikana yenyewe.

4. Kidimbwi na homa

Kuna hoja moja inayotoka kwa rafiki zetu, wapenda haki, nayo tunaiheshimu kuliko nyingine zote. Wanasema: “Msiwaite watu wagonjwa. Watu wa Tarime na Serengeti wanahuzunika kwa sababu wanadhulumiwa. Rudisheni ng'ombe walioibwa. Lipeni fidia ya haki kwa walioacha mashamba yao kupisha mgodi huko Nyamongo. Komesheni ukeketaji. Hiyo ndiyo dawa.”

Tunakubali nusu ya kwanza ya maneno hayo. Tangu uchimbaji mkubwa wa dhahabu uanze Nyamongo mwaka 2002, tumeona familia zilizopoteza udongo wa mababu na vijana waliopoteza viungo au maisha. Tumeona vijiji vilivyochomwa katika mapigano ya koo. Kila msimu wa ukeketaji, ambao kwetu huja zaidi mwezi Desemba, tunaona mabinti wanaokimbia usiku hadi kituo cha Masanga wilayani Tarime au nyumba salama ya Mugumu, nao wanafika wakiwa wamewaacha baba, mama na kijiji. Atakayesema mioyo hiyo haijajeruhiwa ni kipofu.

Lakini nusu ya pili ina kosa. Malaria hutokana na mbu, na mbu huzaliwa kidimbwini. Je, mtoto akiwa na homa kali tutamwambia asubiri mpaka tumalize kufukia kidimbwi? Tunafukia kidimbwi, na usiku uleule tunampeleka mtoto zahanati. Binti wa Masanga anahitaji mashitaka yafunguliwe dhidi ya waliotaka kumkata. Anahitaji pia mtu wa kumsikiliza anapoamka usiku akitetemeka. Mwenye shamba anahitaji fidia yake, na anahitaji pia nguvu ya kuinuka kitandani ili aende kuidai. Sonona humnyang'anya mtu hata nguvu ya kudai haki. Kwa sababu hiyo wapenda haki ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kudai itibiwe.

5. Ugonjwa huu unatibika

Ndugu zetu wa Uganda wametuonyesha jambo. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Rakai na Masaka, vijiji vilivyokuwa vimeumizwa sana na UKIMWI, watu wenye dalili za sonona waligawanywa kwa vijiji. Katika vijiji vya kundi moja, watu walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakizungumzia misiba yao, ugomvi wao na mabadiliko ya maisha yao. Aliyewaongoza hakuwa daktari. Alikuwa mwenyeji wa kawaida, aliyefunzwa kazi hiyo kwa wiki mbili. Mwanzoni wengi sana katika makundi yote mawili walikuwa na vipimo vya ugonjwa huo, asilimia 86 na asilimia 94. Mwishoni, katika vijiji vyenye vikundi walibaki asilimia 6.5 tu, katika vijiji visivyo na vikundi walibaki asilimia 54.7.

Tuyatafakari matokeo hayo sisi ambao tuna Jumuiya Ndogo Ndogo katika kila kitongoji, zinazokutana kila wiki. Kile ambacho wengine walilazimika kukianzisha, sisi tunacho tayari. Kinachokosekana ni mafunzo, na nia ya kusikiliza badala ya kuhukumu. Huko Harare, kazi aliyoianzisha daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 imewafunza akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wagonjwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na akina bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Je, Mara haina akina bibi?

Kwa wale ambao ugonjwa umewazidi, kuna dawa, kama amitriptilini na fluoksetini. Si dawa za kulevya, wala hazimgeuzi mtu kuwa zuzu. Ila zinahitaji subira: huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na mgonjwa aendelee nazo kwa miezi mingi hata baada ya kupona, mpaka tabibu aseme. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifai, au mwezi wa pili wakisema wamepona. Hapo ndipo jumuiya inapohitajika, kumkumbusha na kumsindikiza.

Na kama mtu anazungumza juu ya kufa, tusiogope kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandi mtu wazo hilo, bali humfungulia mlango. Asiachwe peke yake. Dawa za mashamba na za mifugo zifungiwe mahali asipoweza kufika. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, si Jumapili ijayo.

6. Tunayodai na tunayoahidi

Kwa Serikali tunadai mambo matatu. Kwanza, dawa za sonona zipatikane katika vituo vya afya vya Tarime na Serengeti, na waganga wafunzwe kuitambua, ili mkulima asilazimike kutafuta nauli ya kwenda Bugando, Mwanza, au Mirembe, Dodoma. Sheria ya Afya ya Akili ipo tangu mwaka 2008; sheria bila dawa kwenye rafu ni karatasi. Pili, kosa la kujaribu kujiua lifutwe, na mahali pake pawe wajibu wa kumtibu. Tatu, kila binti na kila mjane anayekimbilia usalama apate, pamoja na kitanda na chakula, mtu aliyefunzwa kumsikiliza.

Kwa wazee wa mila tunaomba ritongo lisikilize mashauri ya wenye makosa, na wagonjwa liwakabidhi kwa waganga wa hospitali. Mzee mmoja akisema hadharani, “Huyu anaumwa, mpelekeni,” atakuwa ameokoa watu wengi kuliko mahubiri yetu kumi.

Kwetu sisi wenyewe tunaahidi kwamba hatutamwita tena mgonjwa mvivu wala mwenye mapepo. Kwamba kila jumuiya itachagua wawili, mwanamke na mwanamume, wenye kutunza siri, wa kuwatembelea walionyamaza. Na kwamba msiba wa aliyejiua utakuwa msiba wetu, nasi tutakuwapo kaburini.

Ndugu waamini, yule mama kijana bado amelala ndani, na mtoto analia. Amekwisha kuhukumiwa mara nyingi. Twende kwake leo, tubebe maji na uji, tumbebee mtoto, tumwulize tangu lini, kisha tumsindikize hospitalini. Hana kesi ya kujibu. Wenye kesi ni sisi tuliomwacha.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Ni nani katika kitongoji chetu hajaonekana shambani, sokoni au kanisani kwa zaidi ya wiki mbili? Nani atakwenda kwake juma hili?
2. Ni maneno gani tunayoyatumia kwa wenye ugonjwa huu, na yanawasaidia au yanawaumiza?
3. Kituo chetu cha afya kina dawa na mtu wa kutibu sonona? Kama hakina, nani atalipeleka swali hilo kwenye mkutano wa kijiji na kwa diwani?
4. Je, kuna familia kwetu iliyozika peke yake kwa sababu ya aibu? Tufanye nini ili tupatane nayo?

Tume ya Haki na Amani